Tumbo la Umoja

Nchi ninayoisimulia haipo. Naomba hilo lieleweke mapema, maana kuna watu wenye tabia ya kusoma hadithi huku wakichungulia dirishani, kisha wakasema, ah, hii ni yetu. Si yenu. Hii ilikuwa na mto unaokauka kila uchaguzi ukikaribia, mlima unaogombaniwa na majirani, na Rais ambaye redio ilitangaza kila asubuhi kwamba ameamka salama. Tukishakubaliana kwamba haipo, tunaweza kuendelea kwa amani.

Mambo yalianzia kwenye mkutano wa marais wa bara zima, waliokutana kujiuliza kwa nini bara lao haliungani. Waligundua kwamba barabara ya nchi moja ikifika mpakani hugeuka kichaka. Waligundua kwamba mtu akimpigia simu jirani wa ng'ambo ya mto, sauti yake hupitia kwanza kwa wageni walio mbali, ndipo irudi ivuke maji. Waligundua pia kwamba muuza vitunguu husumbuliwa mpakani kuliko jambazi. Kurekebisha hayo yote kungehitaji fedha, na fedha ya bara ilikuwa imeshaishia kwenye chakula cha mchana cha mkutano huo huo. Ndipo akasimama mtaalamu mmoja, aliyealikwa kutoka nje kwa sababu wa ndani hawakuwa na suti nzuri, akasema kwamba watu hawawi wamoja kwa lami bali kwa hadithi. Watu wanaosimuliana hadithi moja hulia pamoja na kucheka pamoja, alisema, na wakikutana ugenini hutambuana kama ndugu.

Alisema kweli. Hilo ndilo linalouma katika habari hii yote, kwamba alisema kweli mbele ya watu wale.

Marais walipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu, hasa waliposikia kwamba hadithi haijengwi kwa saruji. Ikaazimiwa iwepo Hadithi Moja ya Bara, itakayosimuliwa kwa namna moja, kwa maneno yale yale, kutoka pwani hii hadi pwani ile. Kazi ya kuitengeneza ilikabidhiwa nchi yetu hii isiyokuwepo, kwa sababu Rais wake alikuwa amesinzia wakati wenzake wakiikataa mmoja mmoja. Alipozinduka alishukuru kwa heshima aliyopewa, akarudi nyumbani na cheo kipya, Baba wa Masimulizi, na watoto wa shule wakapangwa juani kuanzia alfajiri kumpokea.

*

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Siwatu, msimulizi wa kipindi cha watoto kwenye redio ya taifa. Alikuwa na sauti tulivu iliyopendwa na wakubwa kuliko watoto. Askari wa barabarani waliacha magari yapite ovyo ili wamsikilize. Hadithi zake zote alizipata mahali pamoja, katikati ya magoti ya mama yake.

Hapa inabidi nieleze desturi ya mtaa wao, maana bila hiyo hutaelewa yaliyowapata. Kwao hadithi zilikuwa kazi ya wasusi. Mteja hukaa mkekani, msusi hukaa kwenye kigoda nyuma yake, kichwa kikabanwa kati ya magoti, na chanuo likiingia tu kwenye nywele, hadithi imeanza. Kila msusi anapotua, mwenye kichwa huitika, "Naam." Asipoitika, vidole vya msusi husimama. Kwa sababu kuitika hakukuwa adabu tu. Kuitika ni kukubali kwamba lililosemwa limetokea, ili jingine nalo lipate kutokea. Kumnyamazia mtu anayekusimulia lilikuwa tusi kubwa, na lililokuwa kubwa zaidi ni kumnyamazia mwanao. Mama aliyemwacha mtoto wake asimulie bila kuitikiwa alisemwa na mtaa mzima mpaka akaona bora ahame.

Hadithi na kichwa viliisha pamoja. Ukitaka mistari minene, ulipewa kisa kifupi cha mke mwenza. Ukitaka midogo midogo, ulibeba na chakula. Na kichwa kilichoanzwa na msusi mmoja hakikumalizwa na mwingine, maana huyo mwingine hakujua hadithi imefika wapi.

Mama yake Siwatu, Bi Mashavu, alikuwa msusi mwembamba mwenye mkono mzito na maneno makali. Wateja walimwogopa na hawakwenda kwingine. "Kichwa chako kina mabonde," angemwambia mke wa mkuu wa mkoa bila kupepesa macho, "kaa vizuri nisije nikapotea humo." Hadithi yake kubwa ilikuwa ya zimwi. Zimwi linakuja na njaa, linameza mbuzi, linameza wachungaji wa mbuzi, linameza mji mzima, watu na vyungu vyao vikichemka jikoni. Anabaki msichana mmoja aliyejificha kwenye shimo la majivu. Msichana anakua, anaunoa wembe, analifuata zimwi linakolala, analipasua kidole cha mwisho cha mguu, na kwenye kile kidole wanatoka watu wote, wazima, wanakohoa, wanagombana nani alimkanyaga nani mle gizani. Bi Mashavu akifika hapo huuvuta msuko kwa nguvu zake zote hadi mteja apige kelele, na kelele hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya watu kutoka tumboni. Wanawake walitoka kwake wakiwa na machozi machoni na wamependeza.

*

Tume ya Kuoanisha Masimulizi ilipoundwa, mwenyekiti alikuwa Dakta Theofrid Lubambula, msomi wa magonjwa ya kuku. Alikuwa mtu mpole. Hakuwahi kupandisha sauti maishani mwake, na watu waliofanya kazi chini yake walisema wangefurahi sana kama angewahi. Siwatu aliteuliwa kuwa Sauti ya Tume. Alifurahi, tusimsingizie, alikwenda kumwambia mama yake mbio mbio, viatu mkononi.

Wajumbe walifika kutoka kila nchi. Mwezi wa kwanza ulikwenda kwenye mnyama mjanja. Wa misituni walisema mnyama mjanja ni kobe. Wa magharibi wakasema ni buibui, na asiyekubali aseme sasa hivi wafunge ubalozi. Wenyeji walishika sungura. Wa jangwani wakamtaja mbweha, wakakaa mikono wameikunja. Mwishowe ukafikiwa mwafaka wa kihistoria, kwamba mnyama rasmi wa bara atakuwa na masikio ya sungura, miguu ya buibui, gamba la kobe na mkia wa mbweha. Mchongaji wa serikali akaagizwa sanamu yake ya shaba. Ilisimama bustanini nusu asubuhi, kisha ikamwangukia Waziri wa Utamaduni wakati akiihutubia. Magazeti yaliandika kwamba Waziri yuko mapumzikoni, na mpaka leo hajarudi.

Ndipo ikafika zamu ya zimwi. Aliyeanza kulisimulia ni mjumbe wa nchi ya jangwani, Bwana Idrisa, mtu mnene mwenye kicheko. Hakufika mwisho. Zimwi lilipomeza mji, mjumbe wa misituni akarukia, "Halafu anabaki mtoto!"

"Anabaki mtoto!" akasema Idrisa, macho yamemtoka. "Nani kakwambia?"

"Kwetu ni mvulana na mama yake," akasema wa kusini.

"Kwetu halipasuliwi kidole, linapasuliwa tumbo."

"Kwetu si wembe, ni kisu cha kuvunia mtama."

Walikuwa wanasimama sasa, wanashikana mabega, wanasemeshana kwa lugha zisizopatana, na wote wakionyesha kwa mikono jambo lile lile, watu wakimwagika nje kwenye mwanga. Siwatu alisisimka mwili mzima. Nchi hizi hazikuwahi kushauriana. Hakuna tume iliyokaa. Na bado, kila mahali, mama fulani alikuwa amemwambia mtoto fulani kwamba waliomezwa watatoka. Bara lilikuwa na hadithi moja siku zote. Kilichobaki ni wajumbe kuagana na kurudi makwao.

Dakta Lubambula aliwaacha wacheke mpaka wakachoka. Kisha akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Waheshimiwa wajumbe," alisema, "nimefarijika, tena nimefarijika mno. Ila naomba tulitafakari suala hili kwa kina na mapana yake. Tuna zimwi. Zimwi ni taasisi kongwe, yenye uzoefu mkubwa. Limefanikiwa pale sisi tuliposhindwa. Limewakusanya watu wa kila kabila na kila dini, pamoja na mifugo yao, mahali pamoja, bila ubaguzi wa aina yoyote. Ndugu zangu, kama huo si umoja, ni nini? Halafu anajitokeza mtu mmoja, hana cheo, hakutumwa na kikao chochote, ameshika kitu chenye makali. Anaharibu miundombinu, watu wanatawanyika. Huo ndio mwisho tunaotaka kuwarithisha watoto wa bara letu?"

Idrisa akakohoa. "Lakini Mheshimiwa, wale watu walikuwa wameliwa."

"Walikuwa wamepokelewa," alisema Dakta kwa upole.

Kesho yake kiti cha Bwana Idrisa kilikuwa kitupu. Wajumbe waliambiwa amekumbuka nyumbani. Kesho kutwa kiti chenyewe hakikuwepo, na viti vingine vilikuwa vimesogezwa vizuri, kwa nafasi sawa, kiasi kwamba mgeni asingejua. Siwatu alikiona kikombe chake cha kahawa kikiwa bado dirishani. Alitaka kuuliza, akaangalia huku na huku, akaona wenzake wote wanaangalia meza, naye akaangalia meza.

Hadithi Moja ilipitishwa bila upinzani. Zimwi linakuja, linameza watu wa bara zima, nao mle ndani wanakuta kuna joto zuri, wanatambuana, wanakuwa wamoja, wanaishi humo kwa furaha hadi leo. Msichana hakukatazwa. Hakutajwa tu.

*

Amri ilifuata upesi. Kila msimulizi, awe wa redioni, wa shuleni au wa mkekani, alitakiwa kusalimisha hadithi zake za zamani kwa kuacha kuzisimulia, na kuanza kusimulia iliyooanishwa. Magari yenye vipaza sauti yalipita mitaani yakiwapongeza wananchi kwa kuipokea amri hiyo kwa shangwe.

Siwatu alikwenda kwa mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa chini. Kichwa hicho ndicho unachokwenda nacho kwa mawaziri? Watasema huna mama."

Siwatu akakaa. Chanuo likaingia.

"Mama, umeisikia amri?"

"Nina masikio. Wanataka nini hasa kwangu?"

"Ile ya zimwi. Ukifika pale wanapomezwa, uishie hapo. Useme wanakaa kwa raha."

"Wote wakiwa mle ndani?"

"Wote."

"Na mteja wangu nimwache na kichwa nusu?"

"Uvute maneno, mama. Uwasifu sifu, kichwa kiishe."

Bi Mashavu akacheka, kicheko kikavu. "Mwambie huyo dakta wako wa kuku aje hapa akae, nimsuke. Tuone kama ataitika."

"Mama, si mzaha. Kuna watu wanaondoka, hawarudi."

"Wanakwenda wapi?"

"Hawasemi."

Vidole vya mama vikatulia kidogo. Siwatu aliyahisi magoti yake yakimbana zaidi mabegani, kama alivyombana utotoni radi zilipopiga.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nimewafungia watu mle tumboni kila siku tangu nikiwa kigoli. Nimewafungia kwa sababu najua nitawatoa kabla ya kichwa kuisha. Ukiniambia niwafungie nikafunike, niende kulala, hilo mimi siliwezi. Haya, hapo kale palikuwa na mji."

"Naam," akasema Siwatu, maana afanye nini.

Walimjia siku chache baadaye, saa za asubuhi, watu wenye adabu waliovua viatu mlangoni. Aliyekuwa mkekani ni jirani, Tausi, muuza mkaa. Zimwi lilikuwa limemaliza kumeza. Bi Mashavu aliomba amalizie, wakamwambia hakuna haraka, atamalizia huko. Walipokuwa wanampandisha garini na chanuo lake mkononi, Tausi alitoka nje nywele upande zimesukwa, upande zimesimama, akipiga kelele, "Na msichana? Bi Mashavu, na msichana je?"

*

Hakuna aliyepanga yaliyofuata. Tausi alikwenda sokoni na kichwa chake kile cha nusu, kwa sababu desturi ilimkataza kumpa mwingine akimalize. Watu wakamuuliza umepatwa na nini, mama. Akajibu, "Hadithi haijaisha." Alijibu hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Lakini siku iliyofuata muuza dagaa, ambaye hakuwahi kukaa kwa Bi Mashavu, aliifumua nusu ya kichwa chake. Kisha wauguzi wa zahanati. Kisha walimu. Wiki haikuisha, ukisimama sokoni ulikuwa huoni kichwa kizima.

Serikali ilitangaza Kampeni ya Usafi wa Kichwa. Askari walisimama kwenye malango ya soko na mashine za kunyolea. Walikuwa vijana wastaarabu. Kila mwanamke aliambiwa pole kabla ya kuinamishwa. Wanawake walirudi nyumbani wakiwa wameshika vichwa vyao kwa mikono miwili kana kwamba vitaanguka, na watoto wadogo waliwakimbia wasiwajue mama zao. Nywele zilijazwa kwenye magunia zikachomwa nyuma ya machinjio, na harufu ile ilikaa juu ya mji mpaka ikaingia kwenye chakula. Redio ilisema ni harufu ya usafi.

Siwatu aliyasikia hayo akiwa ofisini kwa Dakta Lubambula, dirisha limefungwa. Alikuwa amemiminiwa chai.

"Pole sana, dada Siwatu," alisema Dakta. "Mama ni mama."

"Namtaka mama yangu, Mheshimiwa."

"Na sisi tunataka umpate. Yupo Nyumba ya Usikivu. Ana godoro zuri, anakula samaki. Hakuna aliyemgusa hata ukucha, naapa. Tunamsimulia tu. Tumempelekea wasimulizi wetu bora, wanafunzi wa chuo, hata mchungaji mmoja mwenye sauti nzuri sana. Haitiki." Dakta alionekana ameumia kweli. "Anakaa anawatazama. Mtu mzima, mwenye adabu zake, anamnyamazia mwenzake anayemsimulia. Kijana mmoja alitoka mle akilia."

Siwatu aliinamisha uso asionekane. Alijua kimya kile kinamgharimu nini mama yake. Kwa Bi Mashavu, kutoitika ilikuwa sawa na kuzuia pumzi.

"Tufanye hivi," alisema Dakta. "Uirekodi Hadithi Moja kwa sauti yako. Siku itakapotangazwa kwa bara zima, mama yako atakuwa nyumbani. Nakupa neno langu, na mimi neno langu halijawahi kurudi nyuma."

"Nikirekodi tu?"

"Ukirekodi tu."

Alifikiri juu ya Idrisa na kikombe chake dirishani. Akafikiri juu ya mama yake amekaa kwenye godoro, mdomo umefungwa, vidole havina la kufanya. Watu hutoa zaidi ya hadithi kwa ajili ya mama zao, akajiambia. Akakubali.

Studio ilikuwa na baridi. Mara ya kwanza sauti yake ilitoka kavu, na ya pili ikatoka kavu zaidi.

"Hiyo ni taarifa ya habari," Dakta alisema kutoka nyuma ya kioo. "Msimulie mtu unayempenda, dada Siwatu. Msimulie mama yako."

Siwatu akafumba macho. Akajiweka mkekani, magoti ya mama mabegani, harufu ya mafuta ya nazi. Akaanza upya, na safari hii sauti ikaja yenyewe. Hapo kale palikuwa na bara. Akatua, kwa mazoea, akisubiri kuitikiwa. Na bara hilo lilikuwa na watu wengi wasiojuana. Akatua tena. Fundi wa mitambo akanong'ona kwamba hizo nafasi tupu zitabidi zikatwe.

"Ziache," alisema Dakta. "Hizo ndizo nilizokuwa nazitafuta."

Alipofika kwenye lile joto zuri la tumboni, Siwatu alisubiri kitu kimkabe koo, maneno yakwame, kikohozi kimshike. Hakuna kilichomshika. Sauti ilimwagika tamu kuliko alivyowahi kusimulia, na fundi wa mitambo alikuwa anapangusa macho. Baadaye hilo ndilo lililomtisha Siwatu kuliko yote.

*

Siku ya Hadithi Moja, uwanja ulijaa wageni wa nchi zote isipokuwa wale waliozuiliwa mpakani kwa kukosa viza. Rais alizinduliwa, akahutubia juu ya umoja kwa muda mrefu. Alisema kuanzia sasa mtoto wa jangwani na mtoto wa msituni watalala wakiwa wamemezwa na zimwi moja. Kisha vipaza sauti vikafunguliwa, sauti ya Siwatu ikashuka juu ya vichwa vya watu, vingi vikiwa bado na vipara, na kila ilipotua, uwanja wote uliitika, "Naam." Mwanzoni askari walikuwa wakipita na virungu kuwakumbusha. Baadaye hawakuwa na haja. Siwatu alikaa jukwaa kuu akiisikiliza naam ile ikiongezeka uzito, maelfu ya watu wakikubali kwamba limetokea. Alitamani kusimama apige kelele. Lakini alikuwa ameambiwa mama yake yuko nyumbani tangu asubuhi, na hadithi ilipoisha alikimbilia huko.

Bi Mashavu alikuwa kwenye kigoda chake. Alikuwa amenenepa. Mashavu yalimtoka, gauni limepigwa pasi, nywele zimeanza kuota upya, fupi na nyeupe.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, mwanangu mpendwa."

Hakuwahi kumwita mpendwa. Siwatu alimwangukia miguuni, akalia, akamshika mikono, akaikagua kidole kwa kidole.

"Walikupiga?"

"Anipige nani? Watu wazuri wale. Kila siku samaki."

"Walikufanya nini, mama?"

"Walinisimulia. Walikuja wengi, wengine hata kusimulia hawajui, wanasoma kama wanatangaza msiba. Nikawanyamazia. Si unanijua? Nikasema hata ulimi ukauke, humu hapatoki naam." Alitabasamu, akamfuta mwanawe machozi kwa kanga. "Halafu siku moja nikakusikia wewe ukutani."

Siwatu akainua uso.

"Mchana kutwa ni wewe. Nikilala ni wewe, nikiamka ni wewe. Tena unasimulia vizuri, Siwatu, mpaka nikasema, kumbe huyu mtoto alikuwa ananisikiliza miaka yote hii. Na kila ukisema neno unatua. Unanisubiri."

"Mama, ile haikuwa..."

"Nilijikaza, mwanangu. Wacha nikwambie kweli, nilijikaza sana. Lakini unasema, unatua. Unasema, unatua. Nikawaza, mwanangu mwenyewe, namnyamazia, atadhani nimemchukia. Ningekunyamaziaje wewe?" Akampapasa shavu. "Nikaitika. Nilipoitika mara moja tu, zilizobaki zikawa nyepesi. Mlangoni walipiga makofi."

Bi Mashavu akamgeuza mabega taratibu, akamketisha mkekani, akachukua chanuo. Akasimulia. Palikuwa na bara, na watu wasiojuana, na zimwi lenye njaa. Siwatu aliitika. Aliitika kwa sababu alitaka wafike, alitaka wafike upesi pale ambapo mkono ule mzito ungeushika msuko na kuuvuta mpaka apige kelele, na mtaa mzima usikie. Lakini vidole vilikuwa laini, vinapita kichwani mwake kama vinamwogopa. Zimwi likameza. Mle ndani palikuwa na joto. Watu wakatambuana. Bi Mashavu akafunga ncha ya msuko wa mwisho, akaupangusa, akamgonga begani kuashiria kwamba kichwa kimeisha.

"Na yule msichana, mama?" Siwatu akauliza kwa sauti ndogo.

"Msichana gani?"

Siwatu akageuka. Alimtazama mama yake machoni, akitafuta kukonyezwa, akitafuta hofu, hata hofu ingemtosha. Hapakuwa na kitu ila upole wa mtu mzima anayejitahidi kumwelewa mtoto.

"Wasichana mle ndani ni wengi, mwanangu," alisema Bi Mashavu. "Wewe unamtaka yupi?"